Michoro ya Kolo na watoto: Wapi pa kulala?

Mtoto amesoma darasani habari za michoro ya miambani ya Kondoa, likizo imefika na ahadi imeshatolewa. Kwa mzazi wa Mkonze safari hii inaonekana fupi. Kolo, kijiji kilicho karibu na michoro yenyewe, kiko kiasi cha kilomita 180 kaskazini mwa Dodoma, na barabara ya Babati ni lami. Ndiyo maana familia nyingi hupanga kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na hapo ndipo siku inapoharibikia.

Hebu piga hesabu. Mkitoka nyumbani saa 12 asubuhi, kuvuka mji na kula njiani, Kolo mtafika kwenye saa 3 au saa 4. Kuna kujiandikisha ofisini, kulipa na kumpata mwongozaji. Halafu mnaiacha lami na kushika njia ya vumbi yenye mawe kuelekea Mungomi wa Kolo, eneo mashuhuri kuliko yote. Gari linafika chini ya kilima tu, kupanda ni kwa miguu. Kwa hiyo watoto wanaanza mlima jua la saa 6 likiwa utosini. Mtoto wa miaka minne atabebwa, na atakayembeba ndiye anayesoma hapa. Jioni inabaki safari ya kurudi gizani, pamoja na malori na ng'ombe wa barabarani.

Dawa yake ni kulala karibu. Swali ni wapi.

Babati ina hoteli nyingi zaidi na ziwa lenye viboko, lakini iko mbali kaskazini mwa Kolo, na anayetoka Dodoma anaipita michoro kwanza ndipo aifikie. Inamfaa anayeendelea Arusha. Kolo kwenyewe mnaweza kupiga hema. Vijana watafurahia, ila mwenye mtoto mchanga ajiulize mara mbili kuhusu maji na baridi ya alfajiri.

Kondoa mjini ndiko kunakofaa familia nyingi. Kuna nyumba za wageni za bei ya kawaida, soko, maduka ya dawa na hospitali, na Kolo ni mwendo wa kama nusu saa. Kwa wasio na gari ndiyo chaguo pekee la maana: basi litawafikisha Kondoa, na hapo mtapatana na mwenye gari la kukodi awapeleke mpaka chini ya kilima na kuwasubiri. Ukishuka Kolo na watoto watatu ukitegemea bodaboda, umejitafutia tabu. Mvua zikiwa zimekolea, ulizeni kwanza hali ya njia, na gari liwe la juu. Kondoa ni mji wenye Waislamu wengi, hivyo mkienda mwezi wa Ramadhani fungeni chakula cha watoto, maana mchana migahawa mingi hufungwa.

Mkilala Kondoa, saa 2 asubuhi mnaweza kuwa mnapanda mlima, miamba bado ikiwa na kivuli. Watoto wanapata nafasi ya kutazama polepole: watu warefu wembamba, twiga, tembo, kwa rangi nyekundu iliyofifia. Nguvu zikibaki, yapo maeneo mengine kama Pahi, kwenye michoro meupe iliyochorwa baadaye.

Kuna jambo la kuwaambia watoto usiku huo huo, kabla ya kulala. Mungomi si makumbusho tu. Wenyeji bado huenda pale kwa matambiko ya kuomba mvua na uponyaji, na UNESCO ilipoyaingiza maeneo haya katika Urithi wa Dunia mwaka 2006 ilitaja uhai huo wa mila. Basi wasiguse chochote watakachokuta kwenye mwamba. Wala chupa ya maji isisogee karibu na michoro. Zamani wageni waliimwagia maji ili rangi ionekane vizuri kwenye picha, na maji hayo yameiharibu. Badala yake kila mtoto apewe daftari na penseli, achore anachokiona.

Atakayechelewa kumaliza twiga wake asikimbizwe. Chumba cha Kondoa kimeshalipiwa.