Elimu ya Uhusiano wa Mataifa: Ni Elimu Gani?

Wengi wetu tukisikia kwamba fulani amekwenda Chuo Kikuu kusoma uhusiano wa mataifa, mara twamwaza balozi: motokaa yenye bendera, suti nzuri, na safari za Ulaya. Mawazo hayo yafaa yaondolewe mapema, kabla mtu hajatumia miaka mitatu au minne ya ujana wake na fedha za wazazi wake. Elimu hii hasa ni ya kujua jinsi nchi zinavyopatana, zinavyogombana, zinavyouziana mali, na zinavyofungana kwa maandishi. Na kwetu sisi wa Bujumbura si jambo la mbali hata kidogo.

Tazameni ramani. Burundi haina bahari. Mzigo ulioshushwa Dar es Salaam zamani ulipanda gari moshi mpaka Kigoma, kisha ukavushwa kwa meli katika Ziwa Tanganyika mpaka bandari yetu. Siku hizi mizigo mingi huja kwa malori. Lakini kwa njia yoyote ile, karibu mwendo wote ni katika nchi ya watu wengine. Basi mzigo wetu hupita kwa haki gani? Swali hilo ndilo mlango wa elimu hii.

Baada ya vita vya 1914–1918, Wajerumani walinyang'anywa makoloni yao. Uingereza ikapewa kuangalia Tanganyika, na Ubelgiji ikapewa Ruanda-Urundi. Tarehe 15 Machi 1921 serikali hizo mbili zilitia sahihi mapatano mjini London. Ubelgiji ikapata viwanja vya bandari Dar es Salaam na Kigoma, kwa kodi ya faranga moja tu kwa mwaka, milele. Mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ikaruhusiwa kupita bila kutozwa ushuru wa forodha. Viwanja hivyo vikaitwa Belbase.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Serikali ya Julius Nyerere ikasema kwamba Uingereza ilikuwa mwangalizi tu, na mwangalizi hana mamlaka ya kutoa mali ya mwenyewe milele. Kwa hiyo Tanganyika haikukubali kufungwa na mapatano yale, ingawa ilikuwa tayari kuzungumza upya na majirani zake. Burundi nayo ikapata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na bado mizigo yake ilihitaji njia.

Sasa fikirini. Je, nchi mpya hurithi ahadi za mtawala aliyeondoka? Mwenye haki ya viwanja vile alikuwa nani: Ubelgiji iliyotia sahihi, au Burundi yenye mizigo? Nchi isiyo na bahari yaweza kudai njia, au huiomba tu? Mtu wa sheria atajibu sehemu yake, mtu wa historia sehemu yake, na mtu wa uchumi sehemu yake. Mwanafunzi wa uhusiano wa mataifa hana budi kuzikusanya zote. Tena lazima aweze kueleza kwa haki hoja za Tanganyika, kisha akae upande wa pili na kueleza hoja za Burundi. Asiyeweza kusema neno la mpinzani wake vizuri hatafaulu katika masomo haya.

Kuna jambo jingine kubwa zaidi. Katika mapatano yale ya 1921 hakuna Mrundi wala Mtanganyika aliyetia sahihi. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Lakini tarehe 28 Agosti 2000, huko Arusha, mapatano ya amani ya Burundi yalitiwa sahihi na Warundi wenyewe, baada ya mazungumzo marefu yaliyosimamiwa na Nyerere mpaka alipofariki mwaka 1999, na baada yake Nelson Mandela. Katika mazungumzo kama hayo neno moja laweza kubishaniwa siku nyingi. Mtu asiyejua kusoma mkataba aweza kuwapo kitini na lake lisiwepo.

Elimu hii si ya zamani sana. Chuo cha kwanza kuweka kiti cha profesa wake kilikuwa Aberystwyth, huko Wales, mwaka 1919, kwa sababu watu walitaka kujua namna ya kuzuia vita vingine. Katika Afrika ya Mashariki, Tanzania na Msumbiji zilianzisha chuo cha diplomasia Kurasini, Dar es Salaam, mwaka 1978. Siku hizi chaitwa kwa jina la Dakta Salim Ahmed Salim, Mzanzibari aliyekuwa balozi mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 22, na Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika toka 1989 hadi 2001.

Anayeingia ategemee kusoma historia, siasa, uchumi, sheria ya mataifa na lugha. Atasoma vitabu vingi na kuandika insha nyingi. Tena ajue kwamba Wizara ya Mambo ya Nje huchukua watu wachache tu, na shahada peke yake haimfanyi mtu balozi. Ni busara kuongeza ujuzi mwingine, kama vile sheria, hesabu za biashara au kazi ya forodha. Walio na ujuzi wa namna hiyo hufaa katika benki, magazeti, makampuni ya mizigo na ofisi za mataifa.

Kwa upande wa lugha, kijana wa Bujumbura ameanza vizuri: Kirundi cha nyumbani, Kifaransa cha darasani, na Kiswahili cha Buyenzi, ambacho Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Akaze Kiingereza, kwa maana Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na kazi nyingi za Jumuiya huandikwa kwa lugha hiyo.

Hakuna haja ya kungoja Chuo Kikuu. Tarehe 12 Juni 2003 Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kutunza Ziwa Tanganyika. Chama chetu cha midahalo chaweza kugawanyika makundi manne, kila kundi nchi moja, na kubishana juu ya samaki na maji machafu. Wanafunzi wa zamani wanaofanya kazi forodhani au bandarini nao twawaomba waje wasikilize na kutusahihisha. Atakayetoka katika mdahalo huo akiwa na hamu ya kujua zaidi, huyo na aandike maombi ya Chuo.