Ploti ya kwanza: makosa yanayotula pesa sisi watu wa Pwani

Mwaka 2011 mimi na binamu yangu tulitoa arubuni ya ploti huko Kilifi. Muuzaji alikuwa mtu mzima wa heshima zake, na dalali ni mtu wa mtaani kwetu. Tulionyeshwa mpaka wa huku ni mwembe, wa kule ni mnazi. Tukaandikiana karatasi barazani, tukaomba dua, tukarudi nyumbani na furaha.

Miezi minne baadaye walitokea dada wawili wa muuzaji. Lile shamba lilikuwa la marehemu baba yao. Mirathi haikuwa imegawanywa, na wao hawakuulizwa. Haki ilikuwa yao. Pesa zetu zilirudi nusu, tena kidogo kidogo kwa miaka mitatu.

Naeleza haya kwa sababu vijana wetu wanarudi kutoka Saudia na Qatar na akiba ya miaka ya jasho, na wa kwanza kuwapokea ni dalali. Mafunzo ni mengi, lakini haya manne ndiyo yanayoumiza zaidi.

La kwanza ni kumjua mwenye mali. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, omba nambari ya ploti ukafanye upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi. Utajua jina la mwenyewe, kama hati imewekwa rehani benki, na kama kuna zuio. Ikiwa jina lililoandikwa ni la marehemu, simama hapo. Uliza warithi ni wangapi, na amri ya mahakama, iwe ya Kadhi au nyingine, iko wapi. Mke na mabinti wana mafungu yao, na kaka mkubwa hana ruhusa ya kuwauzia. Na ardhi ikiwa ni ya kilimo, lazima kuwe na idhini ya bodi ya ardhi, ambayo huombwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Bila idhini hiyo, mauzo yanakuwa batili.

La pili, hati si kinga ya kila kitu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha ufukweni Nyali. Kampuni ilikuwa na hati, na ilinunua kwa mtu aliyekuwa na hati. Lakini mahakama ilisema ardhi ile ilikuwa ya umma, na haikugawiwa kwa njia ya sheria tangu mwanzo, miaka ya themanini. Kwa hivyo hati ya mnunuzi haikumsaidia. Funzo ni kwamba upekuzi wa leo hautoshi. Mwambie wakili afuate historia yote: nani aligawiwa kwanza, na kwa utaratibu gani. Kisha mlete mpima ardhi aliyesajiliwa aonyeshe bikoni, kwa sababu mwembe hukatwa.

La tatu ni jambo letu wenyewe: nyumba bila ardhi. Mombasa mtu anaweza kumiliki nyumba ya vyumba sita huku kiwanja ni cha mwingine, naye hulipa kodi ya ardhi kila mwezi. Mzizi wake ni wa zamani. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa Pwani wajitokeze kudai ardhi zao. Ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali ya mkoloni, na wengi wakabaki wakaaji tu katika ardhi waliyozaliwa. Nyumba kama hiyo huuzwa bei nafuu, na kodi za vyumba zinaingia, kwa hivyo humvutia anayeanza. Lakini unanunua kuta na mabati, hununui udongo. Onana na mwenye ardhi, au na Tume ya Wakfu ikiwa kiwanja ni cha wakfu. Hakikisha hakuna malimbikizo ya kodi, na upate ridhaa yake kwa maandishi. Akiuza ardhi kesho, wewe ndiwe utakayejadiliana na mwenye mpya.

La nne ni hesabu. Bei ya ploti si gharama yote. Kuna ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani mjini na asilimia 2 mashambani, kisha wakili na mpima. Ukishajenga na kupangisha, tangu Januari 2024 serikali huchukua asilimia 7.5 ya kodi yote unayokusanya, ikiwa kwa mwaka inafika shilingi 288,000. Haikuulizi umetumia ngapi kwa fundi. Nayo chumvi ya bahari hula nondo na mabati, na kisima kinaweza kutoa maji ya chumvi. Piga hesabu ya kodi ya miezi kumi, si kumi na miwili, kwa sababu mpangaji huhama.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na Sura ya Baqara, aya ya 282, imetuamrisha tuandike deni na tuweke mashahidi. Sisi tuliona haya kumuuliza mtu mzima maswali. Haya ile ilitugharimu akiba ya miaka sita.

Muuzaji akikuharakisha kwamba kuna mnunuzi mwingine anangoja, mwachie huyo mwingine.