Sauti Inayoaminiwa ni Amana

Tarehe 7 Februari, 2025, alifariki dunia nchini Kenya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, akiwa na umri wa miaka 84. Hakuwa raia wa nchi yetu. Hata hivyo, sisi wa Holili, tunaopakana na Taveta, hatuwezi kumhesabu kuwa mgeni. Mpaka huu ulifungwa mwaka 1977 na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Magari yalizuiwa na mizigo ilizuiwa, lakini sauti ya redio haikudaiwa hati ya kusafiria.

Wamarekani walikuwa na Walter Cronkite, aliyesoma habari katika televisheni ya CBS tangu mwaka 1962 hadi 1981. Ndiye aliyewatangazia mwaka 1963 kwamba Rais Kennedy amefariki. Na mwaka 1968, baada ya kuizuru Vietnam, aliwaambia waziwazi kuwa vita vile vimekwama. Maneno yake yalikuwa na uzito kwa kuwa hakuwa mtu wa kutia chumvi. Kwetu Tanzania Bara televisheni haikuwapo hadi mwaka 1994, ingawa ndugu zetu wa Zanzibar walitutangulia kwa miaka ipatayo ishirini. Hivyo, katika Afrika ya Mashariki, imani ya namna hiyo iliwekwa katika redio.

Mbotela alizaliwa Mombasa mwaka 1940, katika ukoo wa watumwa waliokombolewa na kupewa makazi Freretown. Baba yake, James Juma Mbotela, ndiye aliyeandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa. Mtoto aliingia Sauti ya Kenya mwaka 1964, na miaka miwili baadaye akaanzisha kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? Humo hakuamrisha mtu. Aliyataja mambo madogo tunayotendeana kila siku, kisha akauliza, na hukumu akawaachia wasikilizaji. Aliwatangazia mpira pia. Kwa njia hiyo watu wakamzoea kama wamzoeavyo jamaa wa nyumbani.

Thamani ya mazoea hayo ilidhihirika tarehe 1 Agosti, 1982. Wanajeshi waasi wa Jeshi la Anga la Kenya walimfuata nyumbani kwake, wakampeleka studio na kumlazimisha atangaze kwamba serikali ya Rais Moi imepinduliwa. Siku hiyo hiyo wanajeshi watiifu waliikomboa studio, na sauti ile ile ikatangaza kwamba serikali ingali ipo.

Tujiulize: waasi walikuwa na silaha, na kipaza sauti kilikuwa mikononi mwao. Kwa nini wasisome wenyewe? Wazee wa Visiwani wanakumbuka Januari 1964, sauti ya John Okello iliposikika redioni, na wengi wakaulizana ni nani huyo. Waasi wa Nairobi hawakutaka swali hilo liulizwe. Walitaka kuazima imani ambayo wao hawakuichuma.

Hapa ndipo tunapopenda kusema na maofisa wa serikali, wa Bara na wa Visiwani. Bunduki si njia pekee ya kumlazimisha mtangazaji. Hata simu ya ofisini yaweza kufanya kazi hiyo, pale anapoamriwa kupunguza ukubwa wa njaa, au kunyamazia maradhi, au kusifu mradi uliokwama. Amri hutekelezwa siku moja, ila msikilizaji akishagundua, hata habari ya kweli huitilia shaka. Hapo uvumi hushika nafasi, na siku hizi huenea kwa simu za mkononi upesi kuliko taarifa yoyote ya habari.

Visiwani jambo hili si la nadharia. Meli ya MV Spice Islander ilipozama Septemba 2011, jamaa wa abiria, Unguja na Pemba, walihitaji kujua nani ameokolewa na nani hajaonekana. Katika saa kama hizo hakuna muda wa kuanza kujenga imani. Hutumika ile iliyokwisha kuwekwa.

Basi ombi letu ni dogo. Idadi ikiwa haijajulikana, mtangazaji aachwe aseme kwamba haijajulikana. Kesho yake akija na idadi kamili, ataaminiwa.