Fidia ya Mnunuzi Pale Muuzaji Asipokabidhi Bidhaa

Katika Tanzania Bara, Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo msingi wake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, inamwekea muuzaji wajibu wa kukabidhi, yaani kuiweka mali kwa hiari mikononi mwa mnunuzi au wakala wake. Na pale muuzaji anapopaswa kuipeleka mali hiyo bila siku kutajwa, hana budi kuipeleka ndani ya muda unaofaa kwa mazingira ya biashara yenyewe.

Wanunuzi wengi hudhani kwamba wakirudishiwa fedha shauri limekwisha, na dhana hiyo inawapotezea haki kubwa. Marejesho ya malipo ni jambo moja. Fidia, yaani fedha za kuziba hasara iliyotokana na kuvunjwa kwa mkataba, ni jambo jingine, na mnunuzi anaweza kudai vyote viwili. Ikiwa bidhaa hiyo ina soko, fidia kwa kawaida ni tofauti kati ya bei ya mkataba na bei ya soko ya siku ambayo bidhaa zilipaswa kukabidhiwa. Tuseme magunia 100 ya mahindi yalinunuliwa kwa shilingi 80,000 kila moja na kulipiwa yote, kisha siku ya makabidhiano gunia likawa limefika shilingi 95,000: mnunuzi atadai shilingi 8,000,000 alizolipa pamoja na fidia ya shilingi 1,500,000. Akikaa miezi kadhaa akisubiri ahadi huku bei ikizidi kupanda, nyongeza hiyo kwa kawaida haitakuwa mzigo wa muuzaji, kwa kuwa mdai hutarajiwa kuchukua hatua za busara za kupunguza hasara yake.

Faida aliyoikosa mnunuzi hulipwa kwa masharti magumu zaidi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 73, inaruhusu fidia ya hasara inayotokea kwa kawaida, au ile ambayo pande zote mbili zilijua tangu zilipoafikiana kuwa yaelekea kutokea. Kwa hiyo mwenye kiwanda anayetegemea shehena moja kutimiza zabuni hana budi kumjulisha muuzaji mapema, tena kwa maandishi.

Mahakama inaweza pia kuamuru mali yenyewe itolewe, lakini amri hiyo huhusu mali iliyokwisha kubainishwa, na hutolewa hasa pale ambapo fedha haziwezi kuwa mbadala wa kutosha.

Muda wa kufungua shauri la mkataba ni miaka 6, ingawa ushahidi wa bei ya soko ya siku husika hupotea mapema zaidi, na ndiyo sababu stakabadhi na bei za wauzaji wengine zikusanywe mara tu ahadi inapovunjwa.