Saa Iliyorudi Nyuma: Kwa Nini Handaki la VPN Hukataa Kufunguka

Ruta ya nyumbani ni kompyuta ndogo yenye programu yake. Mradi wa OpenWrt, ulioanza mwaka 2004, hutoa programu mbadala ambayo huiwezesha ruta kujenga VPN, yaani njia ya faragha ipitayo ndani ya intaneti mfano wa handaki. Kila kiingiacho humo hufumbwa kwa ufunguo, na hufumbuliwa upande wa pili peke yake.

Mara nyingine umeme hukatika, kisha hurudi. Ruta huwaka, intaneti ipo, lakini handaki la aina ya WireGuard halifunguki. Funguo ni zilezile, na anwani ni ileile. Je, kosa li wapi?

Aghalabu kosa limo katika saa. Ruta nyingi hazina betri ya kuendesha saa umeme uzimikapo. Ziwakapo, OpenWrt huziazima wakati wa faili lililobadilishwa mwisho katika mipangilio yake. Hivyo ruta iliyopangwa mwezi uliopita huamka ikidhani ungali mwezi uliopita. WireGuard nayo hutia wakati ndani ya ujumbe wake wa kubisha hodi. Seva hukumbuka wakati wa mwisho iliyoupokea, na hutupa ujumbe wowote usiouzidi huo. Kanuni hii humzuia mdukuzi aliyenasa ujumbe wa zamani asiutumie tena. Seva haitoi sababu, hunyamaza tu.

Kwa kawaida ruta hujirekebisha kwa kuuliza saa kutoka intaneti. Lakini ikiwa mwenyewe ameamuru mawasiliano yote yapite handakini, swali hilo nalo hungojea handaki, na handaki hungojea saa. Ni kisa cha kuku na yai.

Uchunguzi ufuate hatua. Kwanza, amri ya «date» huonyesha saa ya ruta. Pili, amri ya «wg» huonyesha data iliyotumwa na iliyopokewa. Iliyotumwa ikiongezeka, na iliyopokewa ikabaki sifuri, ruta inabisha bila kujibiwa. Dalili hiyo yaweza pia kutokana na ufunguo usio sahihi au mlango uliozibwa. Kwa hiyo kibadilishwe kitu kimoja tu: saa irekebishwe kwa mkono. Handaki likifunguka, sababu imethibitika. Saa isipelekwe mbele kupita kiasi, kwani seva itaukumbuka wakati huo wa uongo na kuukataa ule wa kweli.

Tiba ya kudumu ni kuruhusu maulizo ya saa pekee, yatumiayo mlango 123 wa UDP, yapite nje ya handaki, na seva ya saa iandikwe kwa namba za anwani badala ya jina. Anayeondoa kizuizi chote kwa haraka atapata intaneti, lakini faragha aliyoijengea handaki itakuwa imetoweka naye asijue.