Tapeli wa Simu: Bosi Leo, Mwombaji Kesho

"Halo mama, napiga kutoka kampuni ya simu. Laini yako inafungwa baada ya dakika tano. Usikate, fuata maagizo."

Wengi wetu tumeipokea simu hii. Anayepiga hujifanya bosi. Anakutaja kwa majina yako, nawe unadhani lazima awe mfanyakazi wa kampuni. Kumbe jina si siri: ukianza kumtumia mtu pesa kwa M-Pesa, jina lake hutokea kabla hujathibitisha. Tapeli hulisoma hapo, akasitisha, kisha akakupigia.

Zile dakika tano ni za kukunyima nafasi ya kumuuliza mwanao au jirani. "Usikate" ni vivyo hivyo. Anataka ubaki peke yako naye hadi utaje nambari ya siri au nambari ya kitambulisho, ambayo humsaidia kuihamisha laini yako hadi kadi nyingine.

Mwingine huja kwa unyenyekevu. Unapata ujumbe kwamba umepokea pesa, kisha mtu anapiga akilia: amekosea nambari, zilikuwa za mgonjwa hospitalini, tafadhali zirudishe. Hapa wewe ndiye mkubwa, mwenye uwezo wa kumwokoa, na huruma hiyo ndiyo anayoivuna. Kwa maoni yetu huyu ni hatari kuliko yule wa vitisho, kwa kuwa hushika watu wema.

Tazama ujumbe huo umetoka wapi. Ujumbe halali huandikwa MPESA, si nambari ya mtu. Angalia salio lako pia. Hata kama kweli zimeingia kimakosa, usizitume wewe. Aliyetuma na asambaze ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456 ili kampuni ishughulikie.

Safaricom huwapigia wateja kwa 0722 000 000 pekee. Ukipigiwa kwa nambari nyingine, kata, hata kama anayeongea amekasirika. Si utovu wa adabu. Ili wakala asiweze kubadilisha laini yako, bonyeza *100*100#.

Waliotapeliwa wengi hunyamaza kwa aibu, na tapeli huendelea na jirani. Ukishatuma pesa, wasiliana na kampuni mara moja kabla hazijatolewa. Nambari ya tapeli itume kwa 333, kisha uandikishe ripoti katika kituo cha polisi, au upigie DCI bila malipo: 0800 722 203.