Moshi haisimame kwenye lango ya kiwanda

Wandugu wa kazi, mutu wa ndani ya kiwanda iko na maski, na saa ya kutoka inafika. Mutoto anayelala nyuma ya ukuta, yeye anavuta ile hewa muchana na usiku. Nani anamuhesabu?

Muangalie kule Mpumalanga, Afrika ya Kusini. Eskom inachoma pale makala ya mawe (si yale yetu ya kupikia) juu ya kutoa umeme: Kendal, Matla, Duvha na vingine. Moshi inabeba gazi ya kiberiti na vumbi ndogo sana, macho haiione. Inapita pua, inashuka mpaka chini ya mapafu, ingine inaingia katika damu. Njo kunatoka pumu, kukohoa kusikoisha, magonjwa ya moyo, hata kupooza.

Mwaka 2007 serikali yao ilisema hewa ya pale lazima isafishwe. Watu wakangoja, wakachoka. Mwaka 2019 mashirika mawili, groundWork na Vukani, yakaipeleka serikali kortini. Mwezi wa tatu 2022, korti kuu ya Pretoria ikakata: hewa ile inavunja haki ya watu katika Katiba. Waziri akapewa miezi 12 aandike sheria za kuisafisha.

Katiba yetu pia, kifungu cha 53, inatupa haki ya mazingira safi. Na hapa Lubumbashi kiberiti kwenye koo tunakijua, hata kama kwetu kinatoka kwa kuyeyusha shaba. Basi sendika ikikaa mezani na kampuni, isiombe mushahara tu. Iombe vipimo vya hewa ya kartie, vibandikwe inje, kila mama avisome.